Kitambaa cha Tatu

Kiwanda cha rangi
4 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Sanduku limefika. Dereva wa lori amelishusha mwenyewe kwa mikono miwili kama amebeba mayai. Anasema ulimtisha kwamba likidondoka utamfunga yeye kwenye winchi ya kupandishia mapipa badala ya mota.

Mota imekaa mahali pake tangu saa nne asubuhi. Sikuizungusha kwa mkono, sikuipuliza, sikuichungulia. Najua kitabu cha kazi kinataka hayo yote yafanyike kwa kila mota inayotoka karakana, lakini yenye muhuri wako mimi huwa naifunga tu. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, akauliza mbona hii siikagui. Nikamwambia, hiyo imetoka kwa kaka yangu. Akanyamaza.

Vitambaa vya pazia la Mama unavyozibia matundu ya mota yasiingie uchafu njiani nimevikuta viwili, kimoja kwenye tundu la kupandishia na kingine kwenye tundu la kutolea hewa. La kushushia umeliacha wazi. Kaka, uzee umebisha hodi, au pazia limekwisha? Nimemsomea Mama sehemu hii kabla ya kufunga bahasha, amecheka mpaka akakohoa. Amekata vingine kutoka kipande kilichobaki cha pazia lile lile la maua ya kijani, anasema fundi anayeziba mota kwa matambara ya karakana yanayomwaga nyuzi si mwanawe. Vinakuja na lori hili.

Macho yake ni yale yale. Barua zako bado namsomea kwa sauti, na ukifika kwenye mambo ya rota na vibapa vyake vinavyosukumwa na hewa anatikisa kichwa utadhani mota hizo amezifungua yeye.

Jana alikuja mgeni wa ofisi kuu, akauliza kwa nini tunahangaika na mota za hewa wakati umeme upo. Nikamwambia anuse. Akanusa tina ya kuyeyushia rangi. Nikamwambia cheche moja tu humu ndani, na sote tunakuwa moshi. Alitoka mbio kurudisha simu yake langoni.

Mdogo wako,
Kijiko


Karakana kuu
9 Machi

Kijiko,

Marahaba. Nimefurahi kwamba imefika. Na hilo jina utazeeka nalo, maana mtu aliyefungua redio ya baba kwa vijiko sita vya nyumbani hawezi kuitwa kingine.

Kuhusu vitambaa, usijali. La tatu sikuliziba, viliniishia. Hivi vipya nimevipokea, mwambie Mama ahsante.

Mota iliyofungwa upya huwa inakohoa siku za kwanza. Ukisikia inakwaruza kidogo usishtuke, vibapa vinatafuta makao yake kwenye mifereji ya rota. Wewe shika mambo yako mawili: mwaga maji yanayojikusanya kwenye chujio la hewa kila asubuhi, na kikombe cha mafuta kidondoshe matone mawili kwa dakika, yasipungue wala kuzidi. Mafuta mepesi, si yale mazito ya gia. Mota nyingi ninazoletewa hapa zimeuawa na watu waliodhani mafuta ni mafuta tu.

Huku kuna habari njema inanukia. Mkuu wa karakana anastaafu, na barua ya kumteua anayemfuata itatoka mwisho wa mwezi. Sitaji jina, nisije nikajitia nuksi.

Kaka yako


14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Winchi haina nguvu. Pipa lililojaa linapanda nusu ya njia, halafu mota inapumua kwa shida na kuanza kusitasita. Tupu linapanda bila matata.

Nimefuata mstari mzima, kama ulivyonifundisha, kutoka kompresa mpaka kwenye winchi. Geji inasoma sita, na haishuki mota ikiwa inazunguka, kwa hiyo hewa inafika. Chujio nimelimwaga na kuliosha. Mpira wa hewa haujajikunja popote, nimeupitia kwa mkono wote. Kikombe cha mafuta kimejaa, na nimekaa mbele yake na saa nikihesabu: matone mawili kwa dakika. Mama Pacha, yule mwenzangu anayefunga minyororo kwenye mapipa, ameniambia nikiendelea kukikodolea macho hivyo nitaolewa nacho.

Kwa hiyo vimebaki vitu viwili, sailensa inayopunguza kelele ya hewa ikitoka, na mota yenyewe. Sailensa imegandiwa na rangi kwenye nyuzi zake za kufungia, kuitoa ni kusimamisha winchi nusu siku. Na mota ni yako, ndiyo maana nakuuliza wewe kabla ya Meneja. Niishushe niifungue? Nijibu kwa lori la kwanza. Sipendi jinsi inavyopumua.

Mdogo wako,
Kijiko


18 Machi

Kijiko,

Usiifungue. Muhuri ukikatwa huko, ofisi kuu wataniuliza mimi kwa nini mota ya wiki mbili imefunguliwa, na huu si mwezi wa kuulizwa maswali.

Sailensa iache pia. Ongeza hewa kidogo kwenye regulata, iende sita na nusu. Nimekwambia, inatafuta makao. Vumilia mpaka mwisho wa mwezi, kisha nitakuja mwenyewe niitazame.

Huniamini siku hizi? Nani alikushika mkono ukashika spana kwa mara ya kwanza?

Msalimie Mama.

Kaka yako


23 Machi

Kaka,

Pipa limemwangukia Mama Pacha.

Lilikuwa limepanda kimo cha mtu. Unajua breki ya winchi inavyofanya: hewa ikiingia breki inaachia, kisha mota ndiyo inashika mzigo. Breki iliachia. Mota haikushika. Pipa likarudi chini huku mimi nimekamata kishikio, na yeye alikuwa ameinama kuokota mnyororo. Mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili chini ya goti. Hakupiga kelele. Aliniita jina langu tu, mara moja, kama mtu anayeomba apewe kitu kilicho mbali.

Madaktari wanasema ataupata mguu, lakini hautakuwa kama ulivyokuwa. Wale mapacha wake wako darasa la pili.

Mimi nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Meneja alitaka mota ipelekwe kwa fundi wa nje asiyetujua. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mbele ya wote: ipelekeni kwa kaka yangu, hatanionea wala hatanipendelea, atakachoandika nitakubali. Wameniandikisha maneno hayo na nimetia sahihi.

Nimeifungua kutoka kwenye winchi kwa mikono yangu, mbele ya mashahidi, muhuri wako ukiwa mzima. Sailensa nimeikata nikaitoa kwa sababu haikuenea kwenye sanduku. Mota inakuja na lori hili. Isome vizuri, Kaka. Nakuomba. Maana mimi nimeanza kuwaza kila nilichogusa asubuhi ile na sikumbuki hata kama nilivaa viatu.

Kijiko


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeifungua mota mbele ya karani wa ofisi kuu. Nimeandika ripoti, nakala utaipata kwa Meneja. Nataka uisikie kwangu kwanza.

Vibapa vimekauka. Vyote vinne havina hata unyevu wa mafuta, na kingo zake zimechubuka. Picha zimepigwa. Maana yake unaijua kuliko mtu yeyote: kikombe hakikuwa kinadondosha. Labda ulikijaza ukasahau kufungua sindano yake ya kupimia matone. Labda ilizibwa na uchafu. Najua uliniandikia kwamba ulihesabu matone, lakini hiyo ilikuwa tarehe kumi na nne, na ajali ni siku nane baadaye. Mtu anaweza kuchoka katika siku nane.

Kijiko, kubali. Ukibisha watakuita mkaidi na watakufungia milango ya kila kiwanda. Ukikubali kwa maandishi kwamba ulipitiwa, watakuachisha kimyakimya, na hapatakuwa na kesi. Nimeshazungumza nao. Nimekupigania kadiri nilivyoweza.

Kila fundi hukosea. Hata mimi.

Kaka yako


10 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Nimetia sahihi. Karatasi inasema nilikiacha kikombe bila kudondosha mafuta, na kwamba mtu ameumia kwa uzembe wangu. Meneja aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia kaka yangu hawezi kusoma mota vibaya.

Barua yako nilimsomea Mama. Alijua imefika, aliisikia bahasha. Nilifikiri niruke sehemu ya vibapa, nikaona nitakuwa nimeongeza uongo juu ya uzembe. Nikasoma yote, kwa sauti, mpaka "mtu anaweza kuchoka katika siku nane". Mama akasema, "Kama ndugu yako amesema, basi." Tangu siku hiyo ananipikia yeye, kama mgonjwa, ingawa anaunguza sufuria.

Nilikwenda kwa Mama Pacha. Nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamwambia ni mimi, nilisahau mafuta. Aligeuza uso akatazama ukuta. Wale watoto walikuwa wamekaa sakafuni wakichora, mmoja akaniuliza kama ni mimi niliyemwangushia mama yao pipa. Nikasema ndiyo.

Najaribu kukiona kikombe kile kichwani. Asubuhi nyingine nakiona kinadondosha. Asubuhi nyingine nakiona kikavu. Siku hizi kikavu kinazidi, na siamini tena mikono yangu hata nikifunga bomba la maji. Nalifunga, narudi, nalishika tena.

Hongera kwa cheo. Mama amefurahi sana. Na mimi.

Kijiko


3 Juni

Kaka,

Wamesafisha rafu yangu kiwandani, wakaniletea vitu vyangu kwenye boksi. Spana zangu, koti, kikombe cha chai, na mfuko mmoja mzito niliokuwa nimeusahau.

Nina swali moja. Nakuandikia kwa kuwa neno la simuni mtu anaweza kulikana, la karatasini linabaki. Ulipoifungua mota ile, ukiacha vibapa kukauka, uliona kitu kingine chochote ndani? Chochote, hata kidogo. Fikiri kabla ya kujibu. Nitasubiri.

Kijiko


9 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Sikukasirika, najua una uchungu.

Hapakuwa na kitu kingine. Niliisafisha, nikaipekua mfereji mmoja baada ya mwingine, hakuna. Acha kujitesa. Ukianza kutafuta sababu nyingine baada ya miezi miwili, watu watasema hukukubali kwa moyo, na mimi niliyekuombea nitaonekana mjinga.

Nina wazo bora. Nafasi ya msaidizi ipo hapa karakana. Utaosha vipuri, utapanga rafu, baada ya mwaka mmoja au miwili, watu wakishasahau, nitakurudisha kwenye meza ya mota taratibu. Nitasimama kwa ajili yako. Sisi ni wawili tu, Kijiko, nisipokushika mimi nani atakushika?

Kaka yako,
Mkuu wa Karakana


14 Juni

Kaka,

Nitakueleza kilichomo kwenye ule mfuko mzito.

Ni sailensa ya winchi. Niliitia mfukoni siku ya ajali ili niioshe baadaye, nikasimamishwa kabla sijaiosha. Imekaa kwenye rafu yangu wiki kumi. Nilipoutoa mfuko kwenye boksi, chini yake kulikuwa na mafuta. Nikaitundika jikoni juu ya bakuli, ikadondosha siku mbili nzima. Mafuta mepesi, safi, yale yale niliyokuwa nikitia kila asubuhi. Mimi na wewe tunajua mafuta hayaruki kutoka kwenye kikombe kwenda kwenye sailensa. Lazima yapite ndani ya mota, katikati ya vibapa vile unavyosema havikuwa na hata unyevu.

Kisha niliigeuza kwenye mwanga. Ndani ya matundu yake kuna nyuzi. Nyingi, zimesokotana zimeziba karibu yote. Nilivuta chache kwa sindano ya Mama. Ninakutumia tatu kwenye bahasha hii. Huna haja ya miwani kuona kwamba ni za kijani.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Kisha nikaenda kuzitoa barua zako zote, nikazipanga kwa tarehe.

Tarehe nne nilikwambia nimekuta vitambaa viwili. Nikakutania kwamba umezeeka. Tarehe tisa ukaniambia vilikuishia. Havikukuishia, Kaka. Uliziba matatu, kama ulivyofanya maisha yako yote, na kimoja ulikisukuma ndani mno. Ulijua siku ile ile uliposoma barua yangu. Ungeniandikia mstari mmoja tu, "shusha mota, kuna kitambaa kimebaki", ningecheka, ningekitoa kwa koleo, na Mama Pacha angekuwa anatembea.

Tarehe kumi na nne nikakuuliza niifungue. Ukaniambia niongeze hewa.

Najaribu kuelewa hilo na nashindwa. Kusahau kitambaa ni kusahau, na mimi ningekusamehe kabla hujamaliza sentensi. Lakini uliniacha nisimame na kishikio mkononi chini ya mzigo usioshikwa na kitu, halafu ukanitoa mimi kuwa kafara, halafu ukaniambia umenipigania. Umenifanya nisome mashtaka yangu kwa sauti yangu mbele ya Mama. Umenipigisha magoti kwa mwanamke niliyemtendea haki. Umeniibia asubuhi zangu, Kaka. Nilikuwa nahesabu matone yale kwa saa, na umenifanya nikumbuke kikombe kikavu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Na juzi nilikuuliza tena. Nilikupa mlango, nikaushikilia wazi. Ukanijibu niende nikuoshee vipuri.

Sailensa sijaiosha na sitaiosha. Ikifika tarehe ishirini na nane, Meneja ataifungua mezani kwake mbele ya mashahidi. Mpaka siku hiyo una nafasi ya kusema mwenyewe.

Mimi


25 Juni

Mdogo wangu,

Nimeandika kwa ofisi kuu jana. Nakala iko ndani ya bahasha hii. Nimesema yote.

Na wewe nikwambie ambayo sikuwaandikia. Uliposema viwili, nilijua. Mkono wangu ulikumbuka kuziba la tatu. Nilijiambia kitapulizwa nje chenyewe, kwamba kitambaa laini hakina madhara, kwamba ukiambiwa utamwambia Meneja, na Meneja ataandika, na barua ya cheo ilikuwa mezani kwa mtu ikisubiri sahihi. Kila siku nilijiambia kesho.

Nilipoifungua nilikuta kipande kimeng'ang'ania kati ya kibapa na mfereji wake. Ua moja lilikuwa zima kabisa. Karani alikuwa ameenda kuchukua kamera. Nilikitia mfukoni. Vibapa vilikuwa vimelowa mafuta, ulikuwa umefanya kazi yako vizuri kuliko fundi yeyote niliyemfundisha. Nikavifuta kwa tina mpaka vikauka, karani akarudi, tukapiga picha.

Nilifikiri wewe u kijana, utapata pengine. Mimi nisingepata. Nilipanga kukulipa maisha yangu yote, na ile nafasi ya msaidizi nilidhani ndio mwanzo. Sasa nikiisoma barua yangu ile naona aibu mpaka masikio yanawaka moto.

Lakini nawe, Kijiko, kwa haki, kama ungeizungusha kwa mkono kabla ya kuifunga ungekihisi. Kitabu cha kazi kinasema.

Ua lile ninalo bado. Sijaweza kulitupa.

Usimsomee Mama barua hii. Nakuomba kitu hicho kimoja.

Kaka yako


Kiwanda cha rangi
20 Agosti

Kaka,

Nimerudi kazini tangu tarehe mosi. Karatasi niliyotia sahihi imechanwa mbele yangu, na Meneja ameniomba radhi. Nimesikia wamekuvua cheo na kukurudisha kwenye meza ya mota. Sikufurahi na sikusikitika. Nilitegemea ningefurahi.

Unasema ningeizungusha kwa mkono ningekihisi. Ni kweli. Hilo ni kosa langu, nimelikubali kwa Meneja na kwa Mama Pacha, na safari hii ni langu kweli. Sikukukagua kwa sababu ulikuwa wewe.

Mama Pacha anatembea na fimbo, amepewa stoo ya vipuri. Nilipomweleza, alinitazama muda mrefu akasema, "Kwa hiyo ulikuja kunililia kwa kosa la mtu mwingine." Kisha akaniuliza kama yule mtu mwingine atakuja. Nikamwambia sijui. Barua uliyomwandikia ameirudisha bila kuifungua, anasema mguu wake haukuvunjwa na karatasi. Ukija, stoo iko mkono wa kulia ukiingia, na kiti kimoja kipo.

Kuhusu Mama. Ameisikia bahasha yako ya Juni, kama anavyozisikia zote. Sijamsomea. Lakini usidhani nimekutii. Ile ya kunishtaki niliisoma kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hiyo hii ya kunisafisha itasomwa kwa wako. Ameiweka kwenye droo ya meza yake, na jioni anaitoa, anaipapasa, anairudisha. Hajaniuliza kilichomo. Ameniuliza tu unakuja lini, na kwa nini siku hizi hutaki tena vitambaa.

Jana lori limeleta mota mbili kutoka kwenye meza yako. Nimeona umeziba matundu kwa vifuniko vya plastiki vyekundu, na umeandika idadi yake juu ya sanduku kwa kalamu nene: sita. Nimevihesabu, ni sita. Hata hivyo nimekata mihuri yote miwili. Nimetoa rota, nimetoa vibapa kimoja kimoja nikavilaza kwenye karatasi nyeupe, nimemulika kila tundu kwa tochi ya hewa, ile isiyotoa cheche. Kazi ilikuwa safi, sijaona mota iliyofungwa vizuri kuliko zile. Nikazifunga upya, nikazizungusha kwa mkono, nikazipuliza, nikazisikiliza. Imenichukua siku nzima.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza mbona hizi nazifungua zote, wakati zimetoka karakana na muhuri wake. Nikamwambia, hizo zimetoka kwa kaka yangu. Akanyamaza.

Fundi wa winchi